Mashati 38

Kabla sijaeleza nilivyomdanganya tajiri wangu, inabidi nieleze neno lenyewe. Pale Karume, soko la mitumba la Ilala, tajiri si lazima awe na gari. Tajiri ni yule anayekupa mzigo. Wangu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye stoo ya chumba kimoja mtaa wa pili kutoka sokoni, kandambili za bluu, na daftari kubwa lenye jalada gumu ambalo alilifunga kwa mpira wa manati. Ukimkuta kwenye daladala ungempisha kiti kwa sababu ya umri wake, si kwa sababu nyingine.

Mimi nilikuwa na shahada ya rasilimali watu na miaka miwili ya kutuma barua za maombi ya kazi. Nilimwita Mama. Yeye aliniita mwanangu siku za kawaida, na majina yangu yote matatu siku ya deni.

Mzigo alinipa kwa mali kauli. Kwa asiyejua, mali kauli ni bidhaa unazochukua bila kutoa hela na bila kusaini chochote, kwa neno lako tu kwamba utauza na utaleta. Machinga wengi unaowaona barabarani wamebeba mali ya mtu mwingine kwa njia hiyo. Lakini usidhani kauli ni bure. Robota la mashati ya kike la kilo 45 ambalo mwenye fedha taslimu alilichukua kwa Sh 430,000, mimi niliandikiwa Sh 480,000. Hiyo 50,000 ya juu ndiyo iliyolipia usingizi wa tajiri. Sikuwahi kuiona kuwa dhuluma. Benki niliyoiendea mwaka 2019 ilitaka hati ya nyumba na wadhamini wawili walioajiriwa, na mimi nilikuwa nimekwenda pale kwa sababu sina ajira na sina nyumba. Upande wa pili kulikuwa na mikopo tunayoiita kausha damu, ambayo haikuulizi mengi mpaka siku wanapokuja kubeba televisheni ya mama yako.

Niliwahi pia kuhudhuria semina ya ujasiriamali. Kijana mwenye suti alitufundisha kwamba uaminifu katika biashara hujengwa kwa kuwa na chapa binafsi na kuwatazama watu machoni. Alikuwa na slaidi. Tulipewa kalamu na soda. Nasema haya si kumcheka. Macho yangu mimi yalikuwa makavu kabisa, yakitazama moja kwa moja, siku niliyodanganya.

Aliyenipeleka kwa tajiri alikuwa baba mdogo. Aliuza viatu vya mtumba Karume tangu nikiwa shule ya msingi, na yeye bado ana mazoea ya watu wa zamani ya kuziita nguo hizi kafa Ulaya. Alinifikisha stoo asubuhi moja akasema, "Huyu mtoto wa kaka. Akikosea, mimi nipo." Maneno saba. Nilidhani yametosha. Tajiri aliniuliza ninakaa wapi, nikasema Tabata Kimanga. Akanipa chai ya tangawizi, akaniambia nirudi wiki ijayo. Hakunipa hata soksi.

Jumapili yake akabisha hodi nyumbani kwetu. Hakuwa amesema anakuja. Alikuwa na tikiti maji kwenye mfuko na khanga begani, kama jirani aliyepita tu. Alikaa na mama yangu sebuleni karibu saa mbili nzima, wakaongea kuhusu miguu kuvimba, bei ya mchele, na msiba wa mtu ambaye nilikuja kugundua hakuna hata mmoja wao aliyemfahamu vizuri. Mama alifurahi sana. Jioni akaniambia nimepata mtu mwenye utu.

Mimi nilikuwa nimeyaona macho ya mgeni yakipita juu ya picha yangu ya mahafali ukutani, juu ya wadogo zangu, juu ya cherehani ya mama, mpaka kwenye mlango wa uani. Haikuwa tamaa. Alikuwa anajifunza ni nani atakayelia nikikimbia. Benki ilitaka karatasi ya nyumba, yeye alikuja kuiona nyumba yenyewe na waliomo. Na alikunywa chai yetu, jambo ambalo benki haifanyi, kwa hiyo hata sisi tulikuwa tumempima.

Jumatatu nikapewa blauzi 20, zimehesabiwa mbele yangu mara mbili, za kuuza kwa siku tatu. Fedha niliipeleka siku ya pili. Nikapewa 30, kisha 40, kisha 60. Robota zima nililipata baada ya miezi mitano.

Robota ni kamari yenye heshima. Linakuja limebanwa kwa mikanda ya plastiki, na lebo inayotaja kilichomo kwa jumlajumla tu. Likifunguliwa halirudi. Tajiri mwenyewe analinunua likiwa limefungwa kutoka kwa mwagizaji wa Kariakoo, naye mwagizaji analipokea limefungwa kutoka ng'ambo, kwa hiyo sote tunauziana kitu ambacho hakuna aliyekiona. Februari moja nilifungua langu saa kumi na moja alfajiri nikakuta theluthi nzima ni masweta. Masweta mazito ya shingo ndefu, ya watu wanaoishi na barafu. Dar es Salaam, mwezi wa pili, hata kabla jua halijachomoza nguo zilikuwa zimenishika mgongoni kwa jasho.

Nilikaa juu ya lile rundo nimeishiwa nguvu. Kisha nikazima simu.

Nilipoiwasha siku ya tatu kulikuwa na ujumbe mmoja kutoka kwake. "Umekula?" Basi. Nikaenda na sweta moja mkononi kama ushahidi. Akalipapasa, akacheka. "Hili lilitaka Mbeya," akasema. Halafu akaacha kucheka. "Mwanangu, robota baya nalijua. Mimi mwenyewe nimekula hasara za kukushinda wewe. Ungenipigia siku ile ile ningeyatia kwenye basi, nina mtu wangu Njombe, angeyauza yote. Sasa siku mbili zimepita na wewe umezima simu. Mimi nifikirie nini?"

Alinipunguzia Sh 60,000, masweta akayachukua. Tangu siku hiyo kila robota nililolifungua nililipiga picha na kuzituma kwake kabla sijafanya kitu kingine chochote, liwe zuri au baya. Nilichojifunza hapo hakikuwa cha kimaadili sana. Niligundua kwamba habari mbaya ina bei, kama samaki, na bei hiyo inashuka kwa saa.

Nikaipeleka hiyo kwa wateja wangu wa Instagram. Sote tunajua hali ilivyo. Nchi ambayo kila mtu mwenye simu amewahi kutumiwa ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" ni nchi ngumu kumshawishi mtu alipie shati asiloligusa. Wateja walitaka kulipa wakipokea. Bodaboda akifika wengine hawapokei simu, nami nalipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Nikaanza kupiga picha doa kwanza. Kifungo kilichopungua, kwapa lililofifia, uzi uliochomoka, vyote vikatangulia mbele ya uzuri wa shati lenyewe. Mauzo yalipungua wiki mbili, kisha wakaanza kuja watu waliokuwa wanalipa kabla, na wengine wanatuma na ya kutolea bila kuombwa. Mtu anayekutumia na ya kutolea amekusamehe kitu hata kabla hujamkosea.

Nirudi kwenye daftari. Lilinisumbua mwanzoni. Kama ni mali kauli, kwa nini aandike? Nilimuuliza kwa utani, kana kwamba nimemkamata. Alikuwa mtu wa swala tano. Akaniambia aya ndefu kuliko zote katika Kurani haihusu pepo wala moto, inahusu deni, na inataka liandikwe. Nilikuja kuitafuta. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na kweli ni ndefu: ina mwandishi, ina mashahidi, ina hata onyo la kutochoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Yeye maelezo yake yalikuwa mafupi zaidi. "Naandika ili tusije tukagombana kwa kusahau." Kila mwenye deni alikuwa na ukurasa wake, na ungeweza kuomba kuuona siku yoyote. Kalamu ya bluu kwa kilichochukuliwa, nyekundu kwa kilichorudi.

Pwani hii imeishi na mambo haya kwa muda mrefu. Tippu Tip tulifundishwa shuleni kwa bunduki na pembe za ndovu, lakini misafara yake iliendeshwa kwa mkopo. Taria Topan, mfanyabiashara Mhindi wa Zanzibar, alimpa bidhaa, naye akaondoka nazo kwenda bara. Safari aliyoianza mwaka 1870 haikumrudisha mpaka 1882. Miaka 12! Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilivutiwa na ile subira, halafu nikaona haya, kwa sababu njia zile za pembe zilikuwa pia njia za watu waliotiwa utumwani. Watu wawili wanaweza kuaminiana vizuri kabisa juu ya mzigo ambao ni machozi ya wengine. Tangu hapo silisikii neno uaminifu kama neno safi. Nauliza kwanza ni uaminifu kwa nani.

Karume iliungua usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 16 Januari 2022. Soko kuu la Kariakoo lilikuwa limeungua Julai ya mwaka uliotangulia, na tulikuwa tumelisikitikia kama watu wanaosikitikia msiba wa mtaa wa pili. Baba mdogo alinipigia kabla ya mapambazuko. Hakusalimia. "Karume inaungua," akasema, na nyuma yake nilisikia watu wengi wakiongea kwa pamoja bila kusikilizana.

Nilifika kukiwa kumekucha. Nguo zikiungua kwa wingi hutoa harufu ya plastiki na nywele, na harufu hiyo ilikaa kwenye kichwa changu mpaka Jumatano. Mabati yalikuwa yamejikunja. Palipokuwa na kizimba changu nilipatambua kwa nguzo ya zege ya njiani, na kwa kuhesabu hatua. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, ameshika kiatu kimoja cha mguu wa kulia ambacho hata hakikuwa chake.

Kizimbani nilikuwa na mashati 113. Ninaijua idadi hiyo vizuri kwa sababu mashati mengine 38 ya robota lile hayakuwepo. Jumamosi jioni nilikuwa nimeyachagua yale mazuri kuliko yote nikayabeba kwenda nayo nyumbani, niyapige pasi na kuyapiga picha. Yalikuwa nyuma ya mlango wa chumba changu, ndani ya mfuko wa sandarusi, salama salimini.

Jumanne tajiri alituita stoo. Tulikuwa kama 14, tumekaa juu ya marobota yake na wengine mlangoni. Alifungua mpira wa manati, akafungua daftari, akasema hana hotuba. Atasoma jina, mtu aseme alikuwa na nini kizimbani usiku ule. Thamani ya kilichoungua itagawanywa. "Nusu yangu, nusu yako." Mtu mmoja alianza kulia kwa sauti kabla hata hajasomwa.

Hebu fikiria hesabu hiyo. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ushahidi. Stoki yetu ilikuwa vichwani mwetu, na risiti zetu, kama zilikuwepo, zilikuwa majivu. Kitu pekee kilichokuwa mezani ni kile tulichokuwa tumekitumia kuchukulia mzigo tangu mwanzo, yaani maneno.

Aliposoma jina langu nilisema, "Mashati 151."

Ilitoka kirahisi. Niliitazama hata kalamu yake ikiandika. Gharama ya shati moja ilikuwa Sh 2,264. Nilikuwa nimeipiga hesabu usiku. Uongo wangu ulinipunguzia deni kwa kama Sh 43,000. Naitaja hela hiyo kwa sababu watu wakisimulia usaliti hupenda uwe wa bei kubwa. Wangu ulikuwa sawa na mashati saba au manane mazuri ya kuuza mtandaoni.

Baada yangu alisomwa kijana muuza mikanda, hata miaka 20 sidhani kama alikuwa amefika. Akasema mzigo wake wote uko nyumbani, Jumamosi hakufungua kwa sababu ya harusi ya dada yake. "Nadaiwa kamili, Mama." Watu wakaguna. Mmoja karibu yangu akanong'ona kwamba dogo hana akili. Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Hilo ndilo ninaloliona usiku hadi leo, zaidi ya uongo wenyewe: kile kichwa changu kikitikisika.

Sababu nilikuwa nazo. Mama alihitaji dawa. Kizimba chenyewe nilikuwa nimekijenga kwa hela yangu. Na 50,000 ile ya juu ya kila robota, mwaka baada ya mwaka, si ilikuwa bima? Baadaye nilikuja kufahamu kwamba kuna mtafiti kutoka Japani, Sayaka Ogawa, aliyewahi kuuza mitumba mwenyewe mitaani Mwanza na kuandika kuhusu mali kauli. Anaonyesha kwamba matajiri na machinga wale hawakuwa malaika. Walifanyiana ujanja, wakijua, na biashara ikaendelea. Nilifarijika sana. Kwa wiki nzima nilitembea na faraja hiyo. Na ni kweli, mimi mwenyewe nilishawahi kumwambia tajiri nimeuza shati kwa 4,000 wakati nililiuza 6,000, ili anionee huruma kwenye robota linalofuata, naye alishawahi kuniapia kwamba robota fulani ni la mwisho na hali nyuma ya pazia yalikuwapo matatu. Ule ulikuwa mchezo na wote tulikuwa uwanjani. Siku ya moto yeye alikuwa ametoka uwanjani. Alikuwa amekaa chini na kusema nusu yangu, nusu yako. Tofauti hiyo niliijua hata wakati najifariji.

Mashati 38 yaliisha kwa siku tisa. Niliyaweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp, na kwenye stetasi nilihakikisha nimemficha tajiri asione. Kidole changu kilitafuta jina lake kwenye orodha, kikaweka alama. Sijui kama kuna uthibitisho mwingine wa kwamba mtu anajua anachokifanya.

Kila baada ya siku chache alinipigia. Umekula? Mama hajambo? Umepata pa kukaa? Sisi wa Karume tulikuwa tumetawanyika, wengine wanapanga nguo chini kando ya barabara, wakikimbizwa na mgambo. Deni hakulitaja. Mwishoni mwa Februari nilikwenda stoo kupeleka Sh 30,000, hayupo, nikamkuta kijana wake wa kubeba mizigo. Alikuwa na hamu ya kuongea. Akaniambia Mama ameuza kiwanja chake cha Chanika. Nikauliza kwa nini. Akanishangaa. Marobota yetu yote, akasema, naye aliyachukua kwa kauli, kwa mwagizaji wa Kariakoo. Huyo hakuungua. Huyo hakumgawia nusu.

Sikuwahi kulifikiria hilo, mimi mwenye shahada. Nilikuwa nimedhani kwamba juu ya tajiri kuna hela tu. Kumbe juu yake kulikuwa na daftari jingine, na ndani yake jina lake, na "nusu yangu" ilikuwa ardhi aliyopanga kujenga vyumba viwili vya uzeeni.

Ilinichukua siku 11 nyingine. Ningependa kusema nilikwenda kesho yake.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Sikukaa. "Mama, siku ile nilisema 151. Zilikuwa 113. Mashati 38 yalikuwa nyumbani."

Alikuwa anakunja magunia. Akaendelea kukunja mpaka akamaliza lile aliloshika. "La bluu lenye vifungo vya mbao lilikuwa zuri sana," akasema. "Binti yangu analo. Alikutumia na ya kutolea."

Nilimkumbuka mteja huyo. Namba ngeni, jina la mwanamume, mzigo upelekwe Mbagala. Nilimwandikia asante dada, karibu tena, na alama za moyo.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu wiki ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelipa siku hiyo hiyo. Nani halipi akishikwa? Na mimi ningekuwa nimejua nini?"

Alichukua Sh 43,000 niliyokuwa nimeishika, akaihesabu, akafungua ukurasa wangu na kuandika kwa kalamu nyekundu. Hakuandika maelezo yoyote pembeni, nilichungulia. Nilitegemea anifukuze, au anikumbatie. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili, machozi yalikuwa karibu. Akaingia ndani akatoka na blauzi. Akazihesabu mbele ya watu watatu waliokuwa wamesubiri mzigo wao, akazihesabu tena. Zilikuwa 20.

"Siku tatu," akasema.

Miezi minne nilichukua mzigo wa kuhesabu kama mtu aliyefika jana, na kijana wa mikanda akipita na robota lake begani ananisalimia kwa heshima, dada shikamoo, bila kejeli yoyote, jambo lililofanya iwe mbaya zaidi. Hakuna aliyeuliza. Baba mdogo, aliyesema yeye yupo nikikosea, sijui mpaka leo kama aliambiwa. Kipindi hicho alianza kuja kula kwetu kila Jumapili, na hakuwahi hata mara moja kuniuliza biashara inaendaje. Robota zima nililipata tena Julai. Nililifungua, nikapiga picha, nikatuma. Lilikuwa zuri. Akajibu kwa alama ya dole gumba.

Siku hizi mimi naitwa tajiri, na bado napanda daladala. Nina vijana watatu wanaochukua kwangu kwa kauli. Daftari ninalo, nilijaribu programu ya simu ya kuweka madeni, nikaona watu hawaamini ukurasa wasioweza kuushika. Bei ya kauli nimeongeza kidogo kuliko ya taslimu, kama nilivyofanyiwa, na nikipanga bei hiyo nalifikiria sana jina la mtu, miguu yake, mahali anapolala.

Mmoja wao, binti wa miaka 22, ana sketi zangu 60. Alikuwa analeta kila Alhamisi. Alhamisi iliyopita hakuja, na simu yake imezimwa tangu Ijumaa asubuhi. Nilimwandikia ujumbe wa kumuuliza kama amekula, ukabaki na tiki moja.

Jana, Jumapili, nilinunua tikiti maji pale Ilala nikapanda gari la Gongo la Mboto. Mama yake ndiye aliyefungua. Aliliona tikiti kabla hajaniona mimi, akalipokea kwa mikono miwili, akasema karibu mwanangu, mwenzio amelala, tangu juzi hana raha, hata hasemi. Akanionyesha kiti. Akaniuliza chai niwekewe sukari vijiko vingapi.

Nikasema viwili. Ukutani kulikuwa na picha za watu, na mimi nikawa natazama kikombe.